Mtoto Aliyelaliwa

Mke mwenzangu wa Arua alipofunguliwa duka lenye mlango wa chuma, niliona wivu. Alipozaa mtoto wa kiume, niliona wivu zaidi. Lakini wivu ulionila hasa ulikuja mtoto wake alipokufa. Najua utaniona mbaya. Nione tu.

Wangu ndiye aliyetangulia, mwaka mmoja kabla. Alikuwa mnene, hana homa wala kikohozi. Nililala naye kitanda kimoja nyumbani kwetu Koboko, kama tunavyolala sote na watoto wetu, na asubuhi nilipomwinua anyonye nikakuta amepoa. Mama mkwe alikuja mbio kwa kelele zangu. Akamgeuza, akaona alama ya mkunjo wa shuka shavuni, akasema, "Umelalia mutoto."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayetaja malaria. Kwetu mtoto mchanga akifa usingizini huwa amelaliwa, na anayelalia ni mama, hakuna mwingine. Baba alilala wapi siku hiyo, hakuna anayeuliza. Mume wangu alikuwa Arua, kwa mke mwenzangu.

Wanawake wakachemsha maji, sanda ikakatwa, na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshazika. Sisi Wanubi, Waislamu tangu mababu, kumharakisha maiti ni kumheshimu. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akakaa mkekani, akatoa pole, akala chakula. Hakuna aliyetaja polisi, na angetokea wa kuwataja ningemrukia kooni. Kila mtu alinihurumia, na huruma yenyewe ilikuwa kwamba hawakunilaumu kwa sauti.

Mke mwenzangu ni Mlugbara wa upande wa Pajulu, aliyesilimu alipoolewa. Mwanawe naye alilala vizuri, hakuamka. Ila kwao huwa wanangoja ndugu wafike kabla ya kuzika, na katika kungoja huko mwenyekiti wao akasema sheria ni sheria: mtu akifa ghafla na sababu haijulikani, hata awe wa kunyonya, polisi waambiwe, daktari wa serikali aangalie mwili, na hakimu apate habari. Mume wetu aligomba sana. Mtoto wa Kiislamu hapasuliwi, alisema. Afande akamjibu kwamba hayo akayaseme mbele ya hakimu. Mtoto akapelekwa hospitali, na daktari akawaambia kwa mdomo wake kwamba alizaliwa na kasoro ya moyo. Mama hana kosa.

Nilikuwepo matangani. Nilisikia neno hilo likipita kwa wanawake, moyo, ni moyo, mama hana kosa, na kila aliyefika aliambiwa kabla hajavua viatu. Nikaanza kulia, nikashindwa kunyamaza. Wakanisifu: tazama mke mkubwa anavyomlilia mtoto wa mwenzake. Nilikuwa nalilia lile jibu. Mume mmoja, nchi moja, sheria moja, halafu jibu apewe yeye na mimi nibaki na mkunjo wa shuka.

Matanga yakaisha, mvua zikaanza, na siku moja nikamwona mke mwenzangu anaingia kwangu Koboko. Hakuwahi kuja hata mara moja. Hakukaa.

"Dada mukubwa, mimi nakuja juu ya musichana yako."

Binti yangu, ambaye ndiye mtoto pekee niliyebaki naye, alikuwa nje anaruka kamba. "Iko na nini?"

"Ile siku daktari aliuliza bwana: iko mutoto yako ingine ilikufa hivi? Bwana akasema hapana. Mimi nikasema iko, ya Koboko. Bwana akasema, ile ililaliwa, hiyo mambo ingine."

Nikageukia mlangoni, nikamtazama binti yangu akiruka.

"Daktari akasema ile yako hatuwezi kujua tena, sababu ilizikwa bila kuangaliwa. Lakini hii musichana iko hai, mulete, nasikiliza moyo yake. Bwana hakukuambia?"

Hakuniambia. Alikuja Koboko mara mbili baada ya siku hiyo, akala, akalala, akaondoka.

Ilinipasa kumshukuru mwenzangu. Badala yake nikawaka ndani kwa ndani. Duka analo yeye, mume analala kwake, jibu amepewa yeye, na sasa hata njia ya kunitoa kwenye lile neno amekuja nayo yeye. Nikampa chai katika kikombe kilichomeguka. Akanywa yote.

Tulikwenda Arua sote watatu. Daktari aliweka kile chombo chake kifuani kwa binti yangu, mbele na nyuma, naye akacheka kwa sababu kilikuwa baridi. Alisikiliza muda mrefu. Akampima na kwa ile mashine ya picha. Kisha akasema moyo wake ni mzima, hauna shida yoyote.

"Alhamdulillahi," mke mwenzangu akasema, na yeye na daktari wakanigeukia wanione nikifurahi.

Mimi niliona nimepoteza. Moyo wa binti yangu ungekuwa na kasoro, ningeweza kusema na wa mdogo wake ulikuwa nayo, na mgongo wangu, mkono wangu, usingizi wangu, vyote vingekuwa havina hatia. Nilitaka mtoto wangu awe mgonjwa. Nilitaka kweli. Daktari alikuwa anaeleza kwamba moyo mzima wa huyu hausemi lolote juu ya yule aliyezikwa, na mimi maneno yake yakinipita.

Mke mwenzangu alikuwa ameinama anamvalisha binti yangu gauni, anafunga vifungo vya mgongoni. Akainua macho, akaniangalia usoni, akaelewa. Alingoja daktari ageuke kunawa mikono.

"Hata mimi ningetaka, dada," akasema polepole.

Nikamvuta binti yangu kutoka mikononi mwake, nikamaliza vifungo mwenyewe.