Ufunguo wa Pili

Tawi letu la benki pale Kibiti lilikuwa kama stendi. Mtu anapangiwa kutoka Dar, anafika akilalamikia joto, na kabla hajayazoea malengo ya mikopo anayotakiwa kuyafikia kila Ijumaa, ameshaacha kazi. Keki za kuwaaga nilizila mpaka nikazichukia.

Chumba cha fedha kilikuwa na funguo mbili, na mtu mmoja haruhusiwi kushika zote. Mmoja alikuwa nao meneja, wa pili mimi. Mwenzangu niliyepokezana naye aliacha kazi, hakuletwa mwingine. Basi nami nikaacha likizo, nikaacha kuugua, nikaacha hata kwenda kwetu Salale, kwenye visiwa vya delta.

Mama alikuwa huko, mgonjwa. Aliniusia jambo moja tu: "Siku yangu ikifika, unioshe wewe. Nisishikwe na watu baki."

Siku hiyo ilifika asubuhi, foleni imefika mlangoni. Kaka yangu alipiga simu. "Mama ametutoka. Tunazika baada ya laasiri. Wahi boti Nyamisati, maji yasije yakatoka."

Meneja alinipa pole, na naamini aliumia. "Lakini ufunguo nimpe nani, dada yangu?"

Makao makuu wakasema wanamtuma mtu wa kuupokea. Kuondoka bila kukabidhi ni kufukuzwa, na mshahara ule ndio uliomnunulia mama dawa. Mama hakuhitaji dawa tena, lakini akili yangu ilikuwa haijafika huko. Nikakaa dirishani nikihudumia watu huku machozi yananitoka. Mzee mmoja akaniuliza kama macho yananiuma. Nikamwambia ndiyo.

Mpokeaji alifika adhuhuri imeshapita, tukakabidhiana. Nyamisati nilikuta maji yametoka, boti zimelala kwenye tope. Nililia pale pale, mbele ya wachuuzi wa kamba wabichi, bila aibu.

Salale nilifika kesho yake. Mama alikuwa ameoshwa na mke wa jirani. Kaka hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Tulikungoja, mdogo wangu," alisema. "Tulikungoja sana."

Matanga yalipoanuliwa nilirudi kazini, kwa kuwa wanangu wanasoma na sina kazi nyingine. Mezani nilikuta keki. Yule mpokeaji alikuwa anaacha kazi. Alinikabidhi ufunguo, nikautia mkobani, nikapewa kipande changu, nikala.