Tairi Pana Mbele, Nyembamba Nyuma

Miaka ya tisini, kabla barabara ya Thika haijapanuliwa, msichana akiendesha baiskeli kutoka Kimbo alikuwa sinema ya bure. Wanaume walitoka kinyozini na povu mashavuni kunitazama. Nami sikuwa na haya, niliwapigia kengele. Naikumbuka ile baiskeli kuliko ninavyozikumbuka nyumba kadhaa nilizoishi baadaye, na kama ningeipata leo ningeipanda kwa magoti haya haya mabovu.

Dada yangu alikuwa ameolewa Ngoliba. Baada ya mimba mbili kuharibika, alijaliwa mtoto wa kike, mzima kabisa. Furaha yetu haikumaliza wiki. Habari zikaja kwamba maziwa hayatoki, mtoto analia hadi sauti inamkauka, na dada anashinda akitazama ukuta. Kwetu, mzazi huletewa uji na mama yake, uji wa mtama na mahindi uliochachushwa siku kadhaa. Huo ndio huita maziwa. Lakini mama alikuwa ameumia nyonga, hata kufika chooni ni kwa kushikwa. Aliupika uji huo ameketi, na kazi ya kuufikisha ikawa yangu. Magari ya huko yalikuwa ya kubahatisha, na kutoka steji hadi kwa dada kulikuwa na mwendo mrefu wa mchanga.

Tairi zangu zilikuwa zimeisha. Nilienda Thika na baba kununua nyingine, na tukagombana pale pale dukani. Safari yenyewe ilikuwa lami mpaka uchoke, kisha barabara ya murram, ile ya changarawe nyekundu, iliyojaa vituta, kisha ule mchanga. Tairi pana hupita juu ya mchanga bila shida, lakini kwenye lami ni nzito, unakanyaga kama unasaga mahindi. Nyembamba ni kinyume chake. Nikasema nataka pana mbele, nyembamba nyuma.

"Wewe, hata viatu watu hununua pea," baba alisema, huku akimtazama mwenye duka amuunge mkono. "Na kama ni lazima uchanganye, weka pana nyuma. Si mzigo uko nyuma?"

"Baba, nyuma ikiteleza nitajishikilia. Mbele ikizama kwa mchanga, mimi na uji tunaenda chini."

"Haiya! Basi fanya vile unataka. Kichwa yako ni ya nyanya yako."

Huyo nyanya namshukuru mpaka leo.

Asubuhi mama alijaza mtungi wa plastiki hadi shingoni, akakaza kifuniko kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, lisije likamwagika hata tone. Mimi nikaupakia nyuma ya baiskeli, nikaongeza mpira wa tyubu juu ya kifuniko, nikavuta, nikafunga. Kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba uji uliochacha huachiwa nafasi ya kupumua. Siku hiyo wasiwasi ulitutoa akili sote wawili.

Lami niliila bila taabu. Kwenye murram, ile tairi nyembamba, niliyoijaza upepo ikawa ngumu kama jiwe, ilinitikisa mpaka meno. Nilijua baba alikuwa na hoja kidogo, nikakasirika zaidi. Lakini mchangani tairi ya mbele ilinibeba vizuri, nikapita mahali ambapo wanaume walikuwa wameshuka wanasukuma baiskeli zao. Nikaanza kujisifu kwa sauti. Ndipo mtungi ukalipuka.

Sikuanguka. Mpira ulikatika, kifuniko kikanipita sikioni kikaenda zake vichakani, na uji ukanimwagikia kutoka kisogoni hadi viatuni, wa vuguvugu, mchachu. Nilisimama katikati ya mchanga nikalia, na si kwa aibu. Niliiona mikono ya mama ikikoroga, nikamfikiria mtoto ambaye hata uso wake sikuwa naujua. Ulikuwa umebaki kama nusu mtungi. Niliufunika kwa kitambaa changu cha kichwa, nikaendelea kwa kusukuma.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mtoto analia mikononi mwake. Alinitazama: nywele zimegandamana, gauni limenata mgongoni, nzi wananisindikiza.

"Ngai! Ni nini hiyo?"

"Ni uji wako. Mama amekusalimia."

Akacheka. Alianza polepole, kama mtu aliyesahau namna, kisha akashindwa kujizuia, akaegemea mlango machozi yakimtoka. Hasira zangu zikaniisha, nikacheka naye. Ghafla akanyamaza, akajitazama kifuani. Gauni lilikuwa limeanza kulowa, upande mmoja, kisha wa pili.

Alikaa pale pale kizingitini, akafungua vifungo, na mtoto akashika. Nilichuchumaa mbele yao nikinuka uchachu, nisithubutu hata kufukuza nzi, na sote wawili tukawa tunamsikiliza akimeza.