Ndizi ya Nane

Enzi zetu, kifutio kimoja kilikatwa vipande viwili na kutumiwa na nyumba mbili. Asubuhi miguu ililowa umande tukikatiza mashamba ya kahawa hapa Githongo, githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, ikitikisika mkebeni, na aliyechelewa alijua fimbo inamngoja. Watoto wa leo wakinyeshewa kidogo tu wanataka kubebwa hadi langoni. Haya, tuwaache.

Nikiwa darasa la nane, Mwalimu Karimi alitufundisha zile hesabu za alama ya mdomo wazi. Alisema huo ni mdomo wa ng'ombe, hugeukia upande wenye majani mengi. Kisha akatangaza kwamba atakayepata swali la Ijumaa ndiye atakayeenda mashindano ya hesabu Kaaga, mjini Meru. Jamani, mimi mji huo sikuwa nimewahi kufika, na nilisikia washindani hupewa chipsi. Nilisoma mpaka mama akaniuliza kama naumwa.

Swali lilikuwa hili: mtu ana shilingi thelathini, nauli ya kurudi nyumbani ni nane, na ndizi moja ni shilingi tatu. Je, anaweza kununua ndizi zisizozidi ngapi? Nikaandika vizuri kabisa: tatu mara x, jumlisha nane, isizidi thelathini. Nikatoa, nikagawanya, nikapata saba na kitu kidogo. Halafu nikaandika jibu langu: nane.

Usinicheke. Mama aliuza ndizi sokoni, na kila Jumamosi nilimsaidia. Sikuwahi kuona mtu akilipia ndizi saba akaondoka na saba. Lazima angeongezwa moja, la sivyo mama angeitwa mchoyo soko zima. Mwalimu akanipiga eksi nyekundu. Mwiti, jirani yangu wa dawati, aliandika saba na safari ikawa yake. Nililia njia nzima hadi nyumbani, na mama nikamsimulia yote.

Kesho yake Mwalimu Karimi akaja sokoni, akataka ndizi saba. Mama akahesabu saba, akamfungia kwa jani la mgomba, akapokea pesa. Mwalimu akasimama pale akingoja. Mwishowe akasema, "Mama Kanana, leo huniongezi?"

"Mwalimu, si umesema jibu ni saba?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la viazi, na mama akampa ya nane. Jumatatu akaniita ofisini. Akanieleza kwamba mtihani hauna nyongeza, kwa hivyo eksi yangu itabaki palepale. Kisha akasema, "Shule imelipa nauli ya Mwiti. Wewe ni wa kuongezwa."

Kaaga tulishindwa vibaya, lakini chipsi nilikula. Siku hizi binti yangu huuliza simu, na jibu linatoka kabla hajamaliza kusoma swali. Ndizi nazo anazinunua supamaketi, zinapimwa hadi gramu ya mwisho. Ukiomba uongezwe, msichana wa kaunta anakutazama kama umetoka msituni.

Juzi nilimsimulia binti yangu kisa hiki, tukacheka sana, kisha akauliza nauli yangu ililipwa na nani. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza. Mwalimu Karimi alikuwa na watoto wanne na sweta moja. Nikaacha kucheka.