Mtungi Uliokaa Sebuleni

Watu wa Kabondo, mtaa wa Kisangani, wanasema Aimée ana roho mbaya. Na waseme. Wengi wao hawakuwapo siku Hubert alipobadilisha kufuli la depo la kaka yake, marehemu akiwa bado amelazwa uani na kwaya haijamaliza wimbo wake. Aimée alikuwapo. Alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimefungwa kitambaa cha ujane, akamwona shemeji yake anarudi kutoka mjini akifuta jasho kama mtu aliyetoka kazini.

Depo hilo lilikuwa la gesi ya kupikia. René, mume wake, mtoto wa mto aliyezaliwa Isangi, ndiye aliyeanza kuleta mitungi kwa boti kutoka Kinshasa wakati mji mzima ulikuwa unapika kwa makaa. Alikuwa na wazimu wake mmoja tu, na huo ulikuwa gesi. "Inchi yetu iko na gaz chini ya ziwa kule mashariki," alikuwa akisema, mkono ukipiga meza. "Kule kwenye bahari, ku visima ya mafuta, wanaichoma bure, usiku na muchana, sawa takataka. Na bibi yangu Aimée analia na moshi! Vraiment, tuko batu gani?" Alikuwa akingoja siku ambayo gesi ya nchi yenyewe itafungwa mitungini na kufika Kisangani, naye ndiye atakayeipokea.

Lakini mtungi haujiuzi wenyewe. Akina mama waliuogopa. Walisema unalipuka, walisema ile harufu ya yai bovu ni ya kitu kilichokufa ndani. Aliyewatoa hofu si René, ni Aimée. Kila nyumba iliyonunua mtungi, alikwenda na sufuria yake akapika chakula cha kwanza mwenyewe: pondu ya majani ya muhogo, maharagwe, au ndizi za kutwangia lituma. Alimshika mama wa nyumba mkono, akamwonyesha jinsi ya kufungua na kufunga, akamfundisha kupaka povu la sabuni kwenye mpira kuona kama unavuja. Kisha akakaa hapo hapo mpaka watu wakala, wakashiba, wakaona kwamba hakuna aliyekufa. Nyumba iliyopikiwa na Aimée haikurudi tena kwenye makaa.

René aliumwa ini, akaenda. Baada ya mazishi Hubert, ambaye maisha yake yote hakuwahi kubeba mtungi hata kwenda nao mlangoni, alisimama mbele ya ukoo.

"Semeki, asante kwa kazi," akasema. "Lakini mutoto hukutuachia hata moja. Bon. Rudia kwenu Kindu."

Semeki ni shemeji, na siku ile neno lenyewe lilimtoka Hubert mdomoni kama kokwa analotema. Wazee walitazama chini.

Aimée hakurudi Kindu. Alipanga chumba, akanunua mbabula mbili, majiko makubwa, akaanza kupika kwenye arusi na matanga ya watu, kwa makaa. Kila asubuhi alipopuliza moto na moshi ukamwingia machoni, alilitaja jina la Hubert. Wengine huamka na sala. Yeye aliamka na hilo. Alimchukia kwa utulivu, kazi zake zikiendelea, na hakumficha mtu yeyote. "Siku yake iko inakuya," alisema, akaendelea kumenya ndizi.

Hubert naye aliuza. Si uongo, aliuza sana, maana alikuwa na mdomo. Aliwaambia wafanyakazi wa serikali kwamba gesi ni kitu cha wakubwa, na nani hataki kuwa mkubwa? Mitungi ikaanza kutolewa zawadi kwenye arusi. Ikaingia hata kwenye mahari, pamoja na mbuzi na suti ya baba mkwe. Lakini chakula cha kwanza hakuna aliyekuja kukipika. Kwa hiyo mtungi ulipofika nyumbani, mama wa nyumba aliutazama, akaona ni kitu kizuri na kinatisha, akauweka mahali vinapowekwa vitu vya namna hiyo: sebuleni, kando ya televisheni. Akaufunika kitambaa cha kufuma. Mama Berthe, jirani yake Aimée, aliuwekea na maua ya plastiki juu, na watoto walikatazwa kuusogelea kama vile askofu amelala. Uani, makaa yaliendelea kama kawaida.

Mambo yalikuwa hivyo kampuni moja kutoka mashariki ilipotangaza kwamba inataka kuuza gesi ya ziwa ndani ya nchi yenyewe. Ilikuwa imempa Hubert mitungi ya kujaribia, na sasa ilikuwa inamtuma mama mmoja aitwaye Jemima aje kuangalia nyumba kwa nyumba. Akikuta watu wanapika, ghala litajengwa Kisangani na Hubert ndiye atakuwa wakala. Asipokuta, ghala litakwenda mji mwingine na mitungi itarudi.

Hubert, aliyejua vizuri mitungi yake imekaa wapi, alikuja kwa Aimée na kitenge kipya chini ya kwapa.

"Semeki, ile mambo ya zamani tuache. Tuko famille."

"Famille," Aimée akarudia, akichochea makaa.

"Ile mama anakuya jeudi. Bamama wanakusikia weye. Pita mu nyumba zao, wapike na gaz siku moja. Moja tu."

"Na depo iko ya nani?"

Hubert alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Depo iko ya famille. Lakini nitakufikiria."

Nitakufikiria! Mtu amekula nyama yote, sasa anakuahidi kwamba mfupa ataufikiria. Aimée alisikia damu inampanda mpaka masikioni. Kama angekuwa ameomba msamaha, pengine, pengine tu, hadithi hii ingekuwa nyingine.

"Bon," akasema. "Nitapita mu nyumba zao."

Akapita, na hakumdanganya mtu hata mmoja. Alianza kwa Mama Berthe.

"Jeudi mugeni mukubwa anakuya kuangalia bombone yako ya gaz."

"Eeh! Sasa nifanye je?"

"Mugeni mukubwa tunapokeaka namna gani?"

Mama Berthe hakuhitaji kuambiwa zaidi, wala jirani zake. Aimée alirudi kwake akacheka peke yake mpaka akashika mbavu.

Alhamisi ikafika. Jemima, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliingia nyumba ya Mama Berthe, Hubert nyuma yake na umati wa majirani nyuma ya Hubert. Mtungi ulikuwa umeoshwa na kupakwa mafuta ukang'aa kama mtoto wa siku ya kwanza ya shule. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha baba wa nyumba, kitambaa kipya begani. Baba mwenyewe, Papa Sadrack, alikuwa amehamia kigodani. Nyumba ya pili mtungi ulikuwa umevishwa kitenge cha sikukuu ya wanawake. Ya tatu, wameuwekea kinywaji mbele. Kote kizibo cha plastiki kilikuwa hakijabanduliwa, na kote, uani, pondu ya kumkaribisha mgeni ilikuwa inachemka juu ya makaa.

"Mama, juu ya nini hamupike nayo?" Jemima alimwuliza Mama Berthe.

Mama Berthe alishtuka kweli. "Tupike nayo? Maman, si itachafuka?"

Majirani waliangua kicheko. Hubert alikuwa amelowa shati lote. Alianza kueleza, Kifaransa kikamchanganya, akaishia kupangusa uso.

Wakafika uani kwa Aimée. Jemima hakuwa mtu wa kuvunja moyo wa watu haraka. Alivuta kigoda, akakaa.

"Mama, wanasema weye ndiye mupishi ya huku. Iko mutu hapa, hata moja, mwenye anaweza kufundisha bamama kupika na gaz? Kama iko, mitungi itabakia, tutangojea. Nipe jina tu."

Hubert, nyuma ya mgeni, alimtazama Aimée kwa macho ya mbuzi aliyefungwa kamba. Angeweza kulitaja jina la Aimée yeye mwenyewe. Lakini mgeni angeuliza kwa nini mtu huyo hayuko depo, na hapo majirani walikuwa wamejaa, kila mmoja na jibu lake tayari mdomoni.

Aimée alijua alichoshika. Akisema "ni mimi," ghala litajengwa, moshi utaondoka machoni mwa akina mama wa mji huu, na kile alichokitaka René mpaka kufa kitatimia. Na juu ya yote hayo atakaa Hubert, wakala, mkubwa, akimfikiria. Aliona yote mawili sawasawa. Dawa ya moto ni moto.

"Hapana, maman," akasema, mkono ukielekeza makaa ya mbabula yake. "Hapa tuko batu ya makala. Gaz hatuijue."

Mama Berthe alifungua mdomo, akaona uso wa Aimée, akaufunga.

Lori lilikuja depo kuchukua mitungi ya kampuni wiki iliyofuata. Aimée alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara kutazama. Hubert alibeba mitungi mwenyewe, maana vijana wake walikuwa wameshamkimbia. Alipomaliza alivuka barabara, mikono imechafuka, pumzi juu juu.

"Umefurahi?"

"Sana," Aimée akasema, na ilikuwa kweli.

"Miye umenipiga, sawa. Lakini ile kitu haikukuwa yangu. Ilikuwa ya René. Leo umemuzika mara ya pili."

Neno hilo lilimwingia. Lori likaondoka, vumbi likapanda likatua juu ya kitenge chake kizuri.

"Basi tumemuzika wawili, Hubert," akasema. "Weye na miye."

Aimée alikung'uta vumbi, akateremka sokoni kununua gunia la makaa, maana Jumamosi kulikuwa na arusi na pondu huchukua muda kuiva.