Lenzi Mbili na Bega la Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, anapiga picha za michezo gazetini mwaka wa kumi na tisa sasa. Wenzake wanamwita Kipanga, kwa sababu hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, yeye anajua nani kamvuta nani jezi. Jumapili, badala ya kupumzika kama binadamu wengine, anakwenda kwenye bwawa la nje ya mji, analala kifudifudi kwenye matope na kuwasubiri ndege. Akirudi ananionyesha picha ya jicho la korongo na kuniuliza kama naona ule mwanga mdogo ndani yake. Kwake picha isiyo na mwanga jichoni si picha. Kaka alishazoea hayo matope. Mimi sijazoea, na nasema, maana ulimi hauna mfupa na wangu ndio kabisa.

Mwanzoni mwa mwaka lenzi yake ndefu ya zamani iliota kuvu ndani ya vioo. Fundi aliiinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Ofisi ikakubali kununua nyingine, moja tu, achague mwenyewe. Duka likamwazima mbili azijaribu kwa wiki moja, halafu Jumatatu arudishe asiyoitaka.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, mdomo mpana kama sahani, nzito kama mtoto wa miezi miwili. Inaona mbali tu, basi. Haisogezi wala hairudishi. Lakini inameza mwanga hata jua likiwa linazama, na picha zake unaweza kuhesabu nyuzi za soksi. Ya pili ilikuwa nyembamba, uzito wake karibu nusu ya ile. Unazungusha pete yake, unamvuta mchezaji mpaka unaona kope, ukizungusha upande wa pili unampata yeye na timu nzima. Kasoro yake ni kiza: mwanga ukipungua, picha zinajaa chenga, punjepunje kama mchanga.

Wifi alishaamua kabla hajafungua maboksi. Alitaka kubwa. Wanaume wote wanaokaa naye pembeni mwa uwanja wana kubwa, na ile nyembamba wanaiita lenzi ya harusi. Alisema hakukesha miaka yote hii ili uzeeni aende kupiga picha za keki.

Sasa mimi ni fundi cherehani. Nimemkatia nguo tangu aolewe na kaka, vipimo vyake navijua kwa kichwa. Jumatano alikuja kupimwa gauni, nikapitisha tepu mgongoni, nikasimama. Bega la kulia lilikuwa limeshuka vidole viwili. Nikamwambia ainue mkono nipime kwapa. Akainua wa kushoto. Nikasema wa kulia. Akaniambia tepu yangu imechakaa, ninunue nyingine.

Niliweka tepu chini, nikafunga mlango wa kibanda changu, nikakaa juu ya kigoda mbele yake. Ikabidi aseme. Bega lilianza mwaka uliopita. Akishika kitu kizito kwa muda mrefu, mkono unakufa ganzi mpaka vidoleni. Daktari alishamkataza kunyanyua mizigo. Hakuwa amemwambia mtu, hata kaka. Pale gazetini kulikuwa na mzee mmoja mpiga picha aliyeumia mgongo. Mhariri wa michezo alimweka mezani awe anachagua picha za wenzake, na mzee hakurudi uwanjani tena.

"Wakijua, wifi, nimekwisha," akaniambia. "Watanipa kiti."

Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akanijibu kwamba mimi nishone. Nikala yamini kwamba sitasema, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu. Lakini kama nilikatazwa kusema, sikukatazwa kushona. Nilimwomba ile lenzi nyembamba kwa siku moja nikaipima mara tatu, mdomoni, katikati na shingoni, nikaishonea koti la mvua la kitambaa kizito kisichopitisha maji, uzi mara mbili, mikunjo ya kubana pembeni kama gauni. Lilikaa bila kunyanzi hata moja. Nilitaka aione ilivyopendeza aipende. Alipoiona alicheka mpaka akashika mbavu, akasema sasa imekuwa lenzi ya harusi kweli. Lakini hakulivua lile koti.

Jumamosi kulikuwa na mechi ya mchana, nafasi yake ya mwisho ya kujaribu. Alinipatia kitambulisho cha msaidizi, nikakaa nyuma yake karibu na bendera ya kona nikiwa nimepakata begi. Kwenye kamera moja alifunga ile kubwa, ikasimama juu ya mguu wake mmoja wa chuma. Nyembamba ilikuwa kwenye kamera ya pili mapajani mwangu, imevaa koti lake.

Kipindi cha kwanza sikuangalia mpira. Niliangalia bega. Alipata picha nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Alinigeuzia kioo cha kamera nikaona jasho kwenye masharubu ya kipa. Lakini kila mpira ulipohama upande, alichelewa kuugeuza ule mzinga, na kabla ya mapumziko alishabadilisha mkono mara nne. Nilimuuliza kama yuko sawa. Akaniambia nimwachie hewa.

Kipindi cha pili manyunyu yalianza. Winga wa timu ya wageni alichomoka kutoka mbali, akaja moja kwa moja upande wetu. Wifi aliinyanyua ile kubwa kutoka kwenye mguu wa chuma ili amfuate, na mkono ukakataa. Ukashuka tu, lenzi ikamwangukia mapajani. Bao likaingia mbele ya macho yetu. Kulia na kushoto kamera za wanaume zilikuwa zinalia mfululizo, yake kimya. Akanitazama. Nilikuwa na maneno ya wiki nzima yamenijaa mdomoni, nikayameza yote, nikampa ile nyembamba.

Akaiweka jichoni, akazungusha pete. Haikusogea. Akazungusha tena, kwa nguvu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Lenzi ile ikivuta mbali inarefuka, inatoka kama shingo ya kobe, na mimi niliipima ikiwa imejikunja. Miaka ishirini na mbili nawaambia wateja wangu mtu hupimwa amesimama na amekaa, kisha naenda kumshonea mteja ambaye sijamwona akisimama.

Wifi aliuma mshono kwa meno. Uzi wangu haukatiki, ndiyo sifa yangu mjini. Akatamka neno ambalo sitaliandika. Nikatoa mkasi mdogo ambao haukosi kwenye pochi yangu, nikalipasua koti kutoka mdomoni mpaka shingoni, kazi yangu mwenyewe. Liliniuma, nisiseme uongo.

Baada ya hapo nilimwona wifi yangu ambaye sikuwa nimemwona kwa mwaka mzima. Alisimama, akachuchumaa, akageuka na mpira kila ulikokwenda, na mkono haukumwangusha. Dakika za mwisho ikatolewa penalti. Alimvuta kipa mpaka yakabaki macho mawili yanautazama mpira, akabonyeza. Kipa akaudaka. Wifi akarudisha pete papo hapo, na timu nzima ikamwangukia kipa ndani ya picha moja. Wale wenye mizinga walipata nyusi na vipande vya masikio.

Jumatatu tulikwenda ofisini pamoja, kila mmoja na begi lake. Ukumbini nilimwambia kwamba akiulizwa lile bao la kwanza liko wapi, anisingizie mimi na koti langu. Nilikuwa tayari kusimama pale nitukanwe. Alininyang'anya na begi langu. Aliingia, mimi nikabaki mlangoni.

Mhariri alizitazama picha za kipa kwa muda mrefu, akazisifu. Kisha akauliza lile nililoliogopa: bao la kwanza liko wapi? Wifi alikuwa na uongo mzuri mkononi, na mwenye uongo alikuwa amesimama mlangoni akimkonyeza. Hakuutumia.

"Lilinipita, bosi. Mkono uliniangusha. Bega langu ni bovu tangu mwaka jana, nimewaficha. Naomba hii nyembamba, kwa sababu nikiwa nayo bado naweza. Mechi za jioni zitakuwa na chenga, sikudanganyi."

Mhariri akaweka kalamu chini. "Kwa nini hukusema?"

"Nilimwona yule mzee wa mgongo. Ulimpa kiti."

"Yule mzee alikiomba mwenyewe, Kipanga. Alikuja hapa akaniambia amechoka, anataka kukaa." Akamtazama begani. "Wewe umechoka?"

Wifi alinyoosha mgongo. Akatikisa kichwa.

"Basi Jumatano kuna mechi saa tisa, jua lipo. Za jioni nitamtuma mwingine. Uwahi nafasi kwenye kona."

Mwaka mzima alikuwa amebeba ule mzigo kwa kuogopa kiti ambacho hakuna aliyetaka kumpa. Alishika ukingo wa meza, akageuka kunitazama, anacheka na machozi yanamtoka. Nilimpenda mno saa ile, na nilikuwa na hamu ya kumzaba kofi. Nikaingia bila kubisha hodi, nikabeba lile begi zito, nikalirudisha dukani.