Kiti cha Nyuma cha Gari la Marehemu Baba

Gari lenyewe bado ninalo, liko pale nje sasa hivi. Ni saluni ya zamani, pua ndefu, taa za mviringo, aliyoiendesha marehemu baba enzi zile akiwa karani wa pamba. Alipofariki lilikaa bandani miaka mingi, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, panya wakamaliza nyaya zote. Ndugu zangu walitaka tuliuze kama chuma chakavu. Nikawaambia thubutu!

Nilihangaika nalo gereji hapa Bariadi karibu miaka miwili. Bodi ilibaki ya baba, lakini ndani niliweka injini ya silinda sita niliyoitoa kwenye gari lililopata ajali, breki za kisasa, matairi mapana, na ekzosi ambayo ukikanyaga mafuta mbuzi wa mtaa mzima wanakimbia. Mke wangu aliniuliza, mwanaume mzima mwenye mtoto unataka kushindana na nani? Nikamwambia hili ni gari la familia. Na nilimaanisha, jamani. Nyuma niliweka mikanda mitatu, milango ambayo mtu hawezi kuifungua kwa ndani ili mtoto asije akadondoka, na kiti kipana nilichokivalisha ngozi laini ya rangi ya maziwa. Kile kiti kilinitia wazimu. Binti yangu wa miaka sita alikuwa anavua viatu kwanza ndipo apande.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, nilitumwa Malampaka, mimi na binti yangu, kumchukua mama yake aje kumuuguza. Nilifurahi mno. Mama mkwe hakuwa amelipanda gari lile hata siku moja.

Sasa, kwa asiyetujua: kwetu Wasukuma, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Likiwepo neno, anatafutwa mtu wa katikati alipeleke. Na mambo ya mwilini ndiyo kabisa, hayatajwi. Ndiyo maana mke wangu alinisisitiza mara tatu, "Ukirudi upite Nyalikungu umchukue shangazi, akae na mama nyuma. Usimlete peke yake na mtoto." Nikasema sawa, sawa, nimesikia.

Asubuhi hiyo niliingia kwa mama mkwe na honi, ekzosi ikinguruma, majirani wakatoka wote. Yeye alikuwa ndio anaelekea chooni. Haya nilikuja kuyajua baadaye kwa mke wangu. Aliona watu wamejaa uani, mkwe amesimama mlangoni, akaona aibu kupita mbele yangu kwenda huko. Akajiambia atajisaidia Nyalikungu kwa shangazi, si tutasimama. Akatoka na kitenge chake kipya na mfuko wa michembe ya viazi vitamu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu nimegeukia pembeni. Akaitika akitazama chini. Nikamfungulia mlango, akaketi nyuma na binti yangu, nami nikafanya jambo ambalo nililiona la heshima sana: nikakigeuza kile kioo cha katikati kikatazama juu, ili macho yetu yasikutane njia nzima. Nilijiona mkwe wa mfano.

Pale stesheni ya Malampaka kuna kijana alikuwa ameegesha gari jeupe, jipya jipya. Akalipiga jicho gari la baba, akasema kwa sauti, "Mzee, hilo la makumbusho litafika Bariadi au tukuitie trekta?" Watu wakaangua kicheko. Aisee, damu ilinichemka. Mbele ya mama mkwe! Nikakanyaga mafuta.

Kijana naye akanifuata. Kwenye vumbi alinipita, nikampita, akanipita tena. Tulipoingia Nyalikungu alisimama kidogo dukani, na mimi nikaona hapo hapo ndipo pa kumwacha. Kona ya kwenda kwa shangazi niliiona. Nilimwona hata shangazi mwenyewe, amesimama na pochi yake kando ya barabara, mkono juu. Nikasema moyoni atapanda basi. Nikapita.

Kwenye lami gari lile lilikuwa linaimba. Mama mkwe alikuwa kimya, nami nikautafsiri ukimya wake kama mshangao, kwamba anawaza binti yake ameolewa na mwanaume. Kilometa kadhaa mbele ng'ombe wakawa wanavuka, kundi kubwa, nikalazimika kusimama. Nikasikia kitasa cha nyuma kinavutwa, tak, tak, tak.

"Acha kuchezea mlango!" nikafoka bila kugeuka.

"Sio mimi, baba," binti yangu akasema. "Ni bibi. Anataka kushuka."

Nilisikia. Injini ilikuwa inaunguruma taratibu tu, ng'ombe wanapita, na mtoto alisema waziwazi. Na mimi ni Msukuma, najua mama mkwe hawezi kumtuma mtoto kwa mkwewe ila yamemfika shingoni. Lakini kwenye kioo cha pembeni niliona lile gari jeupe linakuja. Nikasema, "Mwambie tunafika sasa hivi." Ng'ombe wa mwisho akavuka, nikaondoka.

Nilifika wa kwanza. Ndio, nilishinda.

Nyumbani wanawake wa mtaa walikuwa wananisubiri, wakapiga vigelegele. Nikafungua mlango wa nyuma na kusogea kando kwa heshima. Mama mkwe hakushuka. Alikuwa amejifunika khanga hadi usoni. Akamnong'oneza mjukuu, mjukuu akakimbia ndani, na mke wangu akatoka akitembea polepole, maana alikuwa na siku tano tu tangu ajifungue. Akainama ndani ya gari. Akaivua khanga yake, akamfunga mama yake kiunoni, wakaenda moja kwa moja bafuni bila kusalimia mtu.

Mimi sikuelewa chochote. Nikachungulia kiti. Ngozi yangu ya rangi ya maziwa ilikuwa imelowa.

"Nani kanimwagia maji kwenye kiti?" nikapaza sauti. "Si nilisema humu hakuna kuingia na maji!"

Vigelegele vilikatika. Wanawake wakatazama chini, mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo nilipoelewa, mdomo bado uko wazi. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nilikuambia, baba," binti yangu akasema. "Nilikuambia bibi anataka kushuka."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Nikasema, "Hukusema kwa nguvu. Ekzosi inapiga kelele, mimi nitasikiaje?"

Mama mmoja jirani akamshika mtoto bega. "Siku nyingine upaze sauti, mwanangu. Umemtia bibi yako aibu." Mtoto akaanza kulia. Nami nikaenda kutafuta ndoo na kitambaa, nikajishughulisha na kiti.

Nilipeleka mbuzi na kitenge vya kuomba radhi kwa mkono wa shangazi, ambaye alikuja na basi na hakunitazama. Mama mkwe akapokea, akashukuru, "wabeja," kupitia huyo huyo. Alipomaliza kumuuguza mke wangu alirudi Malampaka kwa basi. Hajalipanda gari lile tena, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Mke wangu anaamini ni kelele za ekzosi zilizonizuia kumsikia mtoto. Mara moja alimwambia mama yake mbele yangu, "Msamehe, hakusikia," na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu.

Ekzosi ile nilishaitoa. Gari sasa linakwenda kimya kabisa, unasikia hata mtu akimenya pipi huko nyuma. Binti yangu ana miaka kumi na moja. Kila tukipanda, akishafunga mkanda, anajivuta mbele na kuuliza kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

Mdogo wake anacheka, anadhani ni mchezo wetu. Mara nyingi nimefungua mdomo nimwambie dada yake kwamba hata siku ile nilimsikia, kila neno. Kisha nawasha gari.