Bonde la Sebuleni

Nyumba ya mama mkwe wangu kule Midia ilikuwa na kuta nzuri kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi, na sakafu mbovu kuliko zote. Tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire, masufuria kichwani na mtoto mgongoni, mabati yalikuwa yameshachukuliwa, milango pia, na vyumbani kumeota nyasi za kunifika kiunoni. Kuta za matofali ya kuchoma zilisimama vilevile. Mama mkwe alizigusa kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, kisha akafika mlango wa sebule, akasimama pale, asiingie.

Katikati ya sebule sakafu ilikuwa imebonyea. Saruji ilikuwa imezama kama sahani na kupasuka kuanzia katikati kwenda pembeni, na bonde lenyewe lilikuwa na urefu wa mkeka wa mtu mmoja. Urefu huo ndio ulioleta maneno. Majirani waliotangulia kurudi walikuja kutusalimia, wakachungulia, wakatikisa vichwa. Nyumba ilikaa wazi miaka yote tuliyokuwa ukimbizini; nani anajua nani alipita humo, na nani alifukiwa? Kufika jioni kila mtu alikuwa na hakika kwamba chini ya sebule yetu kuna maiti.

Mimi ni mtu wa Pajulu, karibu na mji wa Arua, na mama yangu mzazi alikuwa mkali wa sakafu kuliko wa chakula. Alinifundisha kwamba sakafu haizami bure. Ama udongo wa kujazia haukushindiliwa, ama maji yamepenya chini yakaulegeza, ama kuna kitu kinakula. Nyumba ile ilikuwa imenyeshewa miaka mingi bila paa, kwa hiyo mimi nilisema ni maji. Fundi aliyetoka Koboko kutupigilia mabati mapya alisema ni kazi mbaya ya kushindilia. Mume wangu, ambaye anaogopa makaburi ingawa mpaka leo hakubali, alisema tusiguse kitu mpaka sheikh aje asome dua.

Paa likarudi, milango ikarudi. Sisi tukalala chumba cha nyuma. Chumba cha Mama nilikifagia mwenyewe, nikatandika. Akakitazama kutoka nje, dirishani.

"Nyumba iko mzuri," aliniambia. "Lakini mimi hapana lala ndani."

Ikabidi ajengewe kibanda cha nyasi upande wa jikoni. Kiswahili chake alikitoa kwenye kambi za jeshi alikoishi na marehemu mume wake. Mimi Kikakwa chake sikukijua, naye Kilugbara changu hakukitaka, basi sisi wawili tuligombana na kupendana kwa Kiswahili.

Jambo lile lilinichoma. Kibanda kilivuja. Asubuhi baada ya mvua nilimkuta akianika mkeka wake juani huku akikohoa, na mimi, mke wa mwanawe, nimeamka mkavu chini ya mabati. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika, na kunyamaza kwao nilikuelewa vizuri sana. Lakini si aibu tu. Nilimpenda yule mama. Nilipojifungua Zaire katikati ya watu wasiotujua, mikono iliyonishika ilikuwa yake. Nilitaka alale katika nyumba yake, mahali pakavu, juu ya sakafu iliyonyooka. Sikutaka kingine mwaka ule.

Ila kila tukitaka kuchimba, Mama alikuwa na neno. Sheikh alipopatikana, Mama alisema tungoje mvua ikatike. Ilipokatika, tungoje mavuno. Baada ya mavuno ikawa tungoje Ramadhani ipite. Na Mama huyo, tuliyedhani anaogopa maiti, alishinda barazani mchana kutwa, mgongo ameuegemeza ukuta wa sebule ileile, akimenya karanga kwa raha zake! Kuku wakisogelea kona moja ya baraza, pale palipokuwa na vitundu sakafuni, aliwatupia chochote kilichokuwa karibu, hata kandambili. Nilidhani anawazuia wasimpekue marehemu. Nikamwonea huruma zaidi, na nikamkasirikia zaidi. Kwangu mambo hayo mawili huja pamoja.

Siku moja ya soko mume wangu alikwenda Koboko. Nilimwona Mama akikamua shuka lake, na nikachoka. Niliingia sebuleni na mchi wa kutwangia. Niligonga pembeni kwanza, nikasikia sauti nzito ya udongo ulioshikamana. Nikagonga katikati, pakalia kama mtungi mtupu. Basi si kaburi, nikajiambia, kaburi hujazwa. Nikainua mchi, nikaushusha kwa nguvu zote, na kipande cha saruji, chembamba kama chapati, kikatumbukia gizani.

Sikuwahi kuinua tena. Mama alikuja mbio, akakivuka kile kizingiti ambacho hakuwa amekivuka tangu turudi, akaketi katikati ya bonde na kunyoosha miguu.

"Wacha! Mutu hapana iko chini!"

"Sasa nini iko chini, Mama?"

Akautazama mchi wangu kwanza, kisha akasema, "Kichuguu yangu."

Alipoletwa Midia akiwa bi harusi, mume wake alimpa kichuguu. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, mwenye kichuguu ndiye anayewavuna, na jirani akithubutu kuleta karai lake ni ugomvi wa mwaka mzima. Kile kilikuwa chake, kwa ajili ya mboga ya nyumba yake. Baadaye mzee akapata likizo jeshini, akataka kujenga nyumba ya matofali, na mahali pakavu palipoinuka palikuwa palepale. Fundi wa wakati huo alitaka kumchimbua malkia wa mchwa na kumwaga oili chafu ya gari. Mama akalia, akakataa kupika. Basi mzee akakata kichwa tu cha kichuguu, akasawazisha, akajenga juu yake, na kwenye kona ya baraza akaacha vitundu ili kumbikumbi wapate pa kutokea. Chini, mchwa waliendelea na kazi yao. Walichimba mpaka saruji ikabaki juu ya uwazi, na maji ya miaka bila paa yakamalizia.

"Kwa nini hapana sema, Mama?"

"Wewe nataka simenti. Bwana yako nataka simenti. Watu nasema iko maiti, mimi nanyamaza. Nikilala ndani, nyinyi nasema hapana hatari, nachimba. Maiti nachunga kichuguu kushinda mimi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alipapasa ile saruji iliyopasuka kama anavyopapasa mgongo wa mtoto.

"Mzee yangu iko Zaire, pembeni ya barabara," alisema. "Kaburi yake mimi hapana ona tena. Hii ndiyo iko."

Kicheko kiliniisha. Nikalia, naye akanipa kona ya kanga yake nijifute. Nikamwahidi kwamba malkia hataguswa, akainuka, tukavunja pamoja.

Mume wangu alirudi akakuta sakafu yote imevunjwa na wanawake wawili weupe kwa vumbi. Aliposikia kwamba hakuna maiti alicheka kuliko mimi, cheko la mtu aliyetua mzigo. Akamwahidi mama yake kwamba oili haitaingia humo.

Tukaanza kazi. Tulichimba mpaka tukafikia udongo mgumu. Mianya iliyokuwa karibu na juu tukaijaza mawe na vipande vya matofali, kisha udongo wa changarawe, kidogo kidogo, tukiunyunyizia maji na kuushindilia kwa gogo kabla ya kuongeza mwingine. Ukijaza wote kwa mara moja, juu kunakuwa kugumu na chini kunabaki kumelegea, na mwaka wa pili unachimba tena. Upande wa baraza, alikokaa malkia, hatukugusa. Juu hatukurudisha saruji. Ardhi yenye mchwa haitulii, na saruji ikikosa kitu chini yake huvunjika. Sakafu ya udongo ikibonyea, unaongeza udongo. Tulichanganya udongo wa kichuguu chenyewe, mchanga na samadi ya ng'ombe, tukaisiriba sakafu kwa viganja, tukaipigapiga kwa ubao mpaka ikang'aa. Mama alisema mkono wangu mzito. Nikamwambia mkono wangu ni wa Pajulu, na Midia yote haina sakafu kama hii. Hakubisha, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Sakafu ikakauka. Nikatandika mkeka mpya. Jioni Mama akarudi kibandani kwake.

"Ngoja," alisema.

Nilipandwa na hasira. Lakini niliijua sababu. Gogo letu lilikuwa limepigapiga juu ya vichwa vya mchwa wake siku nyingi, na hakuna aliyejua kama bado wako hai. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ziliponyesha, aliniita barazani mchana, mbingu imefunga. Alikuwa na ubao na vijiti viwili. Wapo kumbikumbi wanaotoka mchana, na ukiwagongea ubao juu ya shimo lao wanadhani mvua inadondoka. Mama akagonga. Akagonga tena. Vitundu vikabaki vitupu. Niliwaza kwamba nimeiua zawadi ya mume wake kwa ufundi wangu wa Pajulu, na kwamba hatalala ndani kamwe, na atakuwa na haki.

Kisha tundu moja likatoa bawa. Halafu wakaanza kumiminika, wakipandana migongoni, na kuku wote wa boma wakaja mbio, nami nikawa nawafukuza kwa kandambili huku nikipiga kelele kama mwehu. Mama alichota mmoja, akamng'oa mabawa, akamtia kinywani mwangu.

"Iko hai," alisema. "Sasa iko yetu."

Tulipojaza karai, aliingia kibandani, akakunja mkeka wake wa zamani, akautandika sebuleni palepale lilipokuwa bonde, si chumbani nilikomwandalia. Mvua iliponyesha jioni nilikuwa nikikaanga kumbikumbi jikoni, na nilimsikia akikoroma. Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile.

Alilala ndani miaka yake yote iliyobaki. Kila kiangazi tuliongeza udongo kidogo pale katikati, mimi na yeye, na baadaye mimi peke yangu. Tulimzika kando ya baraza, nyumbani kwake.

Miaka ya tisini biashara ya mume wangu ilinyooka, akaja na mifuko ya saruji. Alisema sasa tutengeneze sakafu ya watu, mara moja, tupumzike. Sikubishana naye. Nilikunja mkeka wangu, nikautoa nje hadi jikoni.

"Nyumba iko mzuri," nilimwambia. "Lakini mimi hapana lala ndani."

Alinitazama, akaitazama mifuko yake. Kisha akavua kandambili moja, akaenda kuwafukuza kuku kwenye kona ya baraza.